Ndege ya injini mbili kuanguka mazoezini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ajali ya Renmark

Ndege ndogo ya mafunzo ikianguka, maswali huja yaleyale: injini zilikuwa mbili, kwa nini ianguke? Mwalimu alikuwemo, alifanya nini? Hapa tunayajibu kwa kuifuata ajali moja ambayo uchunguzi wake ulikamilika na ripoti yake iko wazi, ile ya Renmark nchini Australia. Ajali nyingine zimeguswa pale zinapoongeza kitu.

Kilitokea nini Renmark?

Alasiri ya tarehe 30 Mei 2017, ndege aina ya Cessna 441 Conquest iliruka kutoka uwanja wa Renmark, mji ulio kando ya mto Murray katika jimbo la Australia Kusini. Ndani walikuwa marubani watatu na hapakuwa na abiria. Mmoja alikuwa akipimwa kabla ya kuanza kazi, wa pili alikuwa rubani mkuu wa kampuni aliyekuwa akimpima, na wa tatu, kiti cha nyuma, alikuwa mkaguzi wa CASA, mamlaka ya usalama wa anga ya nchi hiyo.

Walikuwa wamepanga kuigiza kufa kwa injini moja mara baada ya kuruka, na wakafanya hivyo. Ndege haikupanda kama ilivyotakiwa, wala haikufikia kasi iliyokusudiwa. Hali hiyo ilidumu kwa sekunde 30 hivi za mwisho, kisha ikawaponyoka na kuanguka kilomita kama 4 magharibi mwa uwanja. Wote watatu walikufa.

Conquest ni ndege ndogo kweli?

Ndiyo. Uzito wake wa juu wa kuruka haufiki tani 4.5. Ina nguvu kuliko ndege nyingi za shule za urubani, kwa sababu propela zake huzungushwa na injini za tabaini na si za pistoni, lakini fizikia ya kuruka kwa injini moja ni ileile.

Kwa nini mtu aizime injini kwa makusudi akiwa karibu na ardhi?

Kwa sababu hapo ndipo injini ikifa kweli inaua. Ikizimika futi 8,000 juu ya Dodoma, rubani ana muda wa kusoma orodha yake, kuwasiliana kwa redio na kuchagua uwanja. Ikizimika sekunde kumi baada ya magurudumu kuachana na lami, hana anasa hiyo. Ndege iko polepole, injini zinavuta kwa nguvu zote, magurudumu bado yananing'inia. Mafunzo ya injini mbili yamejengwa juu ya dakika hiyo. Kwa kanuni za Ulaya, leseni ya ndege ndogo za pistoni za injini mbili inadai angalau saa 6 za kuruka na mwalimu, na katika hizo saa 3 na nusu ni za taratibu za injini kufa. Yaani zaidi ya nusu ya kozi mtu anafundishwa kurusha ndege iliyoharibika.

Hapo ndipo penye mtego. Ukitaka kuifundisha dakika ya hatari palepale inapotokea, unaiumba hatari yenyewe. Kwa maoni yangu, swali la kuuliza kuhusu Renmark ni kama zoezi lile lilihitaji kufanyiwa chini kiasi kile. Ustadi wa marubani wale ni jambo la pili.

Injini mbili si salama kuliko moja?

Inategemea uko wapi, umebeba nini na una kasi gani. Watu wengi hudhani injini moja ikifa ndege inabaki na nusu ya uwezo. Nguvu zinabaki nusu, hilo ni kweli. Lakini uwezo wa kupanda unatokana na ziada ya nguvu, ile inayobaki baada ya kuitosheleza ndege isishuke. Ukiondoa nusu ya nguvu zote, ziada karibu yote inakwenda. Vitabu vya mafunzo vya Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, vinakadiria kwamba ndege ndogo ya injini mbili hupoteza asilimia 80 hadi 90 ya uwezo wake wa kupanda, na wakati mwingine zaidi ya hapo.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa ndege hawalitaji kwa sauti kubwa. Kanuni za muda mrefu za Marekani zilizotumika kuidhinisha ndege hizi hazikuzilazimisha zile nyepesi na za mwendo mdogo kuweza kupanda kwa injini moja. Zilitakiwa kupimwa na matokeo kuandikwa kitabuni, basi. Matokeo yakisema ndege inashuka, inashuka.

Chukua Piper Seminole, ndege inayofundishia marubani dunia nzima, yenye injini mbili za nguvu farasi 180 kila moja. Ikiwa imejaa, mwinuko wa juu kabisa ambao bado inaweza kujivuta kwa injini moja ni kama futi 4,000 katika hali ya hewa ya kawaida. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Maana yake, ndege kama hiyo ikijaa na kupoteza injini ikitoka Wilson mchana wa jua kali, injini iliyobaki haiipandishi. Inaichagulia tu mahali pa kushukia. Dar es Salaam au Mombasa, karibu na usawa wa bahari, ndege hiyohiyo ingepanda, ingawa kwa kujikokota, na joto la Februari lingeila sehemu ya uwezo huo.

Kwa hiyo rubani anayejifunzia pwani kisha akaajiriwa nyanda za juu asidhani amehama mji tu. Amehamia ndege nyingine.

Mstari mwekundu na mstari wa bluu kwenye kipima kasi ni vya nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, kwa hiyo tulijibu taratibu.

Injini za ndege hizi ziko kwenye mabawa, mbali na mstari wa katikati. Ya kushoto ikifa, ya kulia inaendelea kuvuta, na pua inageukia kushoto, kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Rubani anazuia kwa kukanyaga pedali ya kulia, inayogeuza usukani wa mkia. Lakini usukani huo hauna nguvu yake yenyewe, unategemea upepo unaoupitia. Kasi ikipungua, upepo unapungua, na usukani unalegea. Iko kasi ambayo chini yake hata ukikanyaga pedali mpaka mwisho, pua inakwenda inakotaka, bawa la upande wa injini iliyokufa linaanguka, na ndege inageuka chali. Kasi hiyo ndiyo mstari mwekundu.

Mstari wa bluu ni kasi inayoipa ndege nafasi bora ya kupanda kwa injini moja. Kwenye Seminole, mwekundu uko noti 56, takriban kilomita 104 kwa saa. Wa bluu uko noti 88, takriban kilomita 163 kwa saa. Kati ya mistari hiyo miwili ndege bado inakutii, lakini huenda haipandi. Marubani wengi wanaopotea hupotelea hapo katikati: wanaona ardhi inakuja, wanavuta usukani wa mkononi ili ndege ipande, kasi inashuka kutoka kwenye bluu kuelekea nyekundu, na kadiri inavyoshuka ndivyo ndege inavyozidi kukataa kupanda.

Mstari mwekundu wenyewe si ukuta usiosogea. Namba ile imepimwa kwa masharti maalumu: injini nzima ikivuta kwa nguvu zote, uzito ukiwa umeelemea nyuma, magurudumu yamekunjwa, propela ya injini iliyokufa inazungushwa na upepo, na ndege imeinamishwa kidogo, isiyozidi digrii 5, kuelekea injini iliyo hai. Ukisahau kuiinamisha, kila digrii unayoikosa inaweza kuusogeza mstari huo juu kwa noti kama 3. Hesabu basi: anayeruka na mabawa sawasawa anaweza kupoteza ndege huku sindano ya kipima kasi ikimwambia bado yuko salama.

Kwenye nyanda za juu kuna mtego mwingine. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inavuta kidogo, hivyo pua haisukumwi kwa nguvu na kasi halisi ya kupoteza udhibiti inashuka. Inaonekana ni habari njema. Lakini kasi ambayo mabawa huacha kubeba, kama inavyosomwa kwenye kipima kasi, haibadiliki. Kadiri unavyopanda, kasi hizo mbili zinakaribiana mpaka zinakutana. Mabawa yakiacha kubeba huku pua inavutwa upande mmoja, ndege huingia kwenye mzunguko wa kushuka kama pia, na ndege nyingi za aina hii hazikuthibitishwa kwamba zinaweza kutoka humo.

Ndege ikianza kuponyoka, dawa ni mbili kwa pamoja: punguza nguvu ya injini nzima na shusha pua. Soma tena. Unaambiwa uipunguze injini pekee uliyobaki nayo, na uelekee chini. Zote mbili zinakwenda kinyume na kila hisia ya mwili, na zote mbili zinalipiwa kwa futi za mwinuko. Asiye na futi hizo hana cha kulipia. Ndiyo sababu vigezo vya mtihani vya FAA vinataka zoezi la kuonyesha kasi hii limalizike likiwa bado futi 3,000 au zaidi juu ya ardhi.

Nasikia injini moja ni mbaya zaidi kufa kuliko nyingine. Kweli?

Kwenye ndege ambazo propela zote huzunguka kwenda kulia zikitazamwa kutoka nyuma, ndiyo, ni ya kushoto. Seminole na Beechcraft Duchess propela zake huzunguka kinyume, moja huku nyingine kule, hivyo hakuna iliyo mbaya zaidi. Zote ni mbaya sawasawa.

Kuigiza injini iliyokufa hufanywaje?

Kuna njia zaidi ya moja, na tofauti yake ni uhai.

Injini ikifa kweli, propela yake inaendelea kuzungushwa na upepo na kuwa breki kubwa upande mmoja wa ndege. Rubani huzilaza panga zake zikatize upepo kwa ubavu mwembamba ili breki ile iondoke. Juu angani, mwalimu anaweza kuizima injini kabisa na kuzilaza panga. Vigezo vya FAA haviruhusu hilo chini ya futi 3,000 kutoka ardhini. Chini ya hapo injini inaachwa ikifanya kazi kwa kiasi kidogo kilichopimwa, kiasi ambacho propela haivuti wala haiburuzi, ili ifanane na iliyokwisha kulazwa.

Mwalimu akirudisha wenzo wa nguvu nyuma kupita kiasi hicho, haigizi tena injini iliyoshughulikiwa. Ameumba breki, tena upande uleule usio na nguvu. Hili lilijitokeza Darwin, kaskazini mwa Australia, tarehe 22 Machi 2010, katika ajali ya ndege kubwa kuliko Conquest, Embraer Brasilia. Injini ya kushoto iliigizwa kufa mara baada ya kuruka, kwa kasi isiyoacha nafasi ya kukosea, na wenzo ulirudishwa mpaka kiwango cha chini kabisa kinachotumika ndege ikiwa angani badala ya kwenye kiasi cha kutovuta wala kuburuza. Nguvu haikurudishwa ili zoezi lisitishwe. Marubani wote wawili waliokuwemo walikufa. Ilikuwa miaka saba kabla ya Renmark, nchi ileile, na wachunguzi walewale wa ATSB, shirika la Australia la kuchunguza ajali za usafiri.

Ripoti ya Renmark ilisema nini hasa?

ATSB walitoa ripoti ya mwisho mwaka 2020. Walieleza kwamba baada ya injini kuigizwa kufa, ndege haikufikia uwezo wa kupanda wala kasi iliyolengwa, na zoezi halikusitishwa. Sababu ya kutositishwa, waliona, huenda ni kwamba marubani waliokuwa kwenye usukani hawakutambua kwamba uwezo umeshuka, au hawakutambua hatari inayoambatana nao. Kuhusu kilichoushusha uwezo huo, walitaja namna injini ilivyoigizwa kufa na namna marubani walivyoshika usukani, ama kimoja kati ya hivyo au vyote pamoja.

Kisha kikaja kipengele ambacho kwangu ndicho moyo wa ripoti: utaratibu uliopendekezwa wa kufanyia zoezi hilo kwenye Conquest, unaotaka mwinuko mkubwa, haukufuatwa. Kwa hiyo ndege ilipoponyoka, hapakuwa na mwinuko wa kuirudisha.

Mwalimu si angerudisha nguvu tu?

Angeweza, na mkono wake huwa karibu na wenzo. Lakini jiweke kwenye kiti kile. Unampima mwenzako, tena mtu mwenye uzoefu. Ndege haipandi vizuri, lakini haijaanguka. Unampa nafasi airekebishe mwenyewe, kwa sababu ukiingilia mapema umemharibia mtihani. Sekunde tano. Kumi. Kasi inapungua noti moja moja, hakuna kengele, hakuna mshtuko. Halafu mambo yanatokea yote kwa pamoja.

Wakufunzi wazuri hawaachi uamuzi huo ufanywe palepale. Wanausema chini, kabla ya kuwasha injini: kasi ikishuka chini ya bluu, au ndege ikiacha kupanda, zoezi limekwisha, nguvu zinarudi, tutajadili tukitua. Hapo hakuna aibu wala huruma ya kumpa mtu nafasi.

Na yule mkaguzi aliyekaa nyuma?

Kiti cha nyuma hakina usukani wala pedali. Aliyekaa hapo anaweza kusema tu, na kwa zoezi linalopimwa kwa sekunde, kusema kunachelewa.

Kisanduku cheusi kilionyesha nini?

Hakikuwepo. Ndege hiyo haikuwa na kirekodi cha sauti wala cha safari, na sheria haikuitaka iwe nacho. Ndiyo maana ripoti ina “huenda” nyingi, na ndiyo maana hakuna anayejua marubani wale walisemezana nini.

Rubani anajuaje ni injini ipi iliyokufa?

Kwa miguu. Mguu unaokanyaga kwa nguvu uko upande wa injini nzima, na uliopumzika uko upande wa iliyokufa. Kisha anathibitisha kwa kuurudisha taratibu wenzo wa ile anayoishuku. Kama hakuna kinachobadilika, ndiyo yenyewe, sasa azilaze panga. Ukiruka hatua ya kuthibitisha unaweza kuizima iliyo hai. Marubani wa ATR 72 ya TransAsia walifanya hivyo Taipei tarehe 4 Februari 2015, na watu 43 wakafa.

Kwa nini wasifanyie yote kwenye simuleta?

Marubani wa mashirika makubwa hufanya hivyo, kwenye mashine hiyo ya ardhini inayoigiza ndege. Injini ya Boeing inaigizwa kufa kwenye simuleta, na ikianguka watu wanacheka kidogo na kurudia. Kwa ndege ndogo ugumu ni fedha na upatikanaji: aina ni nyingi, nyingine za miaka ya 1970, na simuleta kamili ya kila aina haipo jirani. Mashine za kawaida za shule hufundisha utaratibu vizuri, ila ule uzito wa mguu na mwili unaovutwa pembeni hazitoi ipasavyo. Mgawanyo unaoeleweka ni huu: kufa kwa injini chini kabisa kufundishwe kwenye mashine, na hisia ya mguu ifundishwe angani, juu sana.

Je, ajali zote za mafunzo ya injini mbili ni za injini?

Hapana. Tarehe 19 Februari 2020, karibu na Mangalore katika jimbo la Victoria, Australia, ndege mbili za injini mbili ziligongana angani, Piper Seminole na Beech Travel Air. Zote zilikuwa kwenye mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo badala ya kutazama nje, kila moja na watu wawili, na wote wanne walikufa. Zilikuwa katika anga isiyoongozwa, ambako marubani wenyewe ndio wanaopaswa kukwepana. Marubani walikuwa wamepewa taarifa ya kuwepo kwa ndege nyingine na wakaikiri, lakini hawakuzungumza wao kwa wao kwa redio ili kupanga jinsi ya kupishana. ATSB waliona huenda hatari ya kugongana haikutambulika, na wakasisitiza faida ya vifaa vinavyomwonyesha rubani ndege za jirani kwenye skrini.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka jambo la karibu: tarehe 5 Machi 2024, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria iliyokuwa inaelekea Diani. Mwalimu na mwanafunzi walikufa, Dash 8 ikarudi Wilson salama. Cessna ile ilikuwa na injini moja, na injini haikuwa na uhusiano wowote na ajali. Anga ya Wilson hubeba shule za urubani na ndege za abiria kwa pamoja, na mjadala wa kuzitenganisha ni halali kabisa.

Ripoti ikitoka, nani anashtakiwa?

Hakuna, kwa ripoti hiyo. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambacho Kenya, Tanzania na Australia zote zinakifuata, kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ya Renmark ilichukua karibu miaka mitatu. Kwa hiyo ukiona mtu amekutangazia chanzo cha ajali jioni ileile, mshukuru na umwache.

Mwanangu anaanza kozi ya injini mbili. Niulize nini shuleni?

Uliza wanaigizia injini kufa kwenye mwinuko gani, na jibu liwe namba, si “inategemea”. Uliza kama mwinuko huo umeandikwa kwenye mwongozo wa shule au uko kichwani mwa mwalimu mmoja. Uliza ndege yao, ikiwa na watu wawili na mafuta, inapanda futi ngapi kwa dakika kwa injini moja kwenye uwanja huo saa nane mchana. Mwalimu anayejua kazi yake atafungua kitabu cha ndege na kukuonyesha jedwali. Akikuambia usiwe na wasiwasi, injini ziko mbili, tafuta shule nyingine.